Oili Zaidi si Dawa ya Kila Beringi: Ushauri kwa Wenye Magari ya Kasi Milimani

Miongoni mwa bidhaa zinazouzwa kwa wenye magari ya kasi, chache huahidi usalama wa injini kwa maneno mepesi kama zile seti za paipu, boliti zenye tundu na pampu kubwa zinazodaiwa kuongeza oili kwenye beringi, yaani sehemu zinazoishikilia shafti inayozunguka ili chuma kisisagane na chuma. Hoja ya muuzaji hukubalika upesi: beringi hufa kwa kukosa oili, kwa hiyo beringi ipelekewe oili zaidi. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo mara nyingi ni kweli, lakini sehemu ya pili haifuati, na mwenye Subaru Impreza au Forester ya turbo anayeishi Ekerenyo, makao makuu ya kaunti ndogo ya Nyamira Kaskazini, anaweza kumaliza bonasi nzima ya majani chai akinunua kifaa ambacho injini yake haikukihitaji, au kibaya zaidi, kifaa kitakachoifupishia maisha.

Eneo lenyewe linastahili kuangaliwa kabla ya kifaa. Kaunti ya Nyamira imelala kati ya mita 1,250 na mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara inayotoka mjini Nyamira kupitia Ekerenyo kuelekea Ikonge hupanda na kushuka vilima vya chai na migomba, huku njia nyingi za kuingia vijijini zikiwa za murram. Katika hewa hafifu ya nyanda za juu, turbo, ambayo ni feni inayoendeshwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa, hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ifikie kiwango kilekile cha hewa, na shafti yake ndogo hupata joto zaidi; mlima mrefu unaopandwa kwa gia ya chini huipasha oili yote moto na kuifanya nyepesi; na jiwe moja la murram laweza kuibonyeza sampu, lile beseni la chini linalohifadhi oili, bila dereva kujua. Mapenzi ya Wakenya kwa Subaru yana historia yake, kwani Colin McRae aliishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, lakini gari la mashindano hukaguliwa na kikosi cha mafundi kila mara linaposimama, na injini yake hufunguliwa mapema kabla haijachoka. Kifaa kilichofaa huko hakiwi cha kufaa kwa gari linalopeleka watoto shuleni na kurudi na gunia la mbolea.

Ili dai la muuzaji lipimwe kwa haki, ni lazima kwanza ieleweke namna beringi inavyobeba mzigo. Beringi za shafti ya krenki, ile inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, pamoja na zile za konrodi, vyuma vinavyoiunganisha krenki na pistoni, ni maganda mawili membamba ya chuma laini yanayoizunguka shafti na kuacha mwanya wa takriban sehemu mbili hadi sita za mia za milimita. Ndani ya mwanya huo oili huvutwa na shafti yenyewe inapozunguka, ikabanwa mahali mwanya unapozidi kuwa mwembamba, hata ikafanya utando wenye nguvu ya kuiinua shafti isiguse ganda. Jambo hili lilidhihirishwa mwaka 1883 na Mwingereza Beauchamp Tower, aliyekuwa akizipima beringi za magari ya reli kwa niaba ya taasisi ya wahandisi wa mitambo ya nchi yake: alitoboa tundu juu ya beringi ili atilie oili, akaona oili ikipanda na kutoka kupitia tundu lilelile, na alipoliziba kwa kizibo cha mbao, kizibo kikasukumwa nje. Geji aliyoifunga hapo ilipita ratili 200 kwa inchi ya mraba, ilhali mzigo wa wastani juu ya beringi ulikuwa ratili 100 tu. Mwaka 1886 Osborne Reynolds aliyaeleza matokeo hayo kwa hesabu, na hesabu hizo ndizo ambazo wasanifu wa injini huanzia hadi leo.

Ugunduzi wa Tower una uzito mkubwa kwa mnunuzi wa leo. Pampu ya oili haiibebi shafti; kazi yake ni kujaza mahali pa oili iliyovuja pembeni mwa beringi na kuliondoa joto, na kinachobeba ni utando ambao shafti imejitengenezea, ambao shinikizo lake kwenye beringi ya konrodi hupita lile la pampu kwa makumi ya mara. Ndiyo sababu tundu la kuingizia oili huwekwa upande usiobeba mzigo mkubwa, na fundi anayetoboa tundu jingine au kuchonga mfereji mpana katika eneo la mzigo huupasua utando uleule aliotaka kuulinda. Vilevile shinikizo, ambalo mafundi wengi huliita presha, ni kipimo cha ugumu wa oili kupita, wala halielezi ni oili kiasi gani inayopita: oili nzito ikimiminwa, sindano ya geji hupanda huku mtiririko ukipungua, na pampu kubwa ikifungwa kwenye injini ambayo beringi zake ni nzima, ziada yote hurudishwa na vali ya kupunguzia shinikizo, ikaishia kuwa joto na mzigo wa bure.

Ipo aina ya pili ya beringi, yenye gololi za chuma zinazobingirika kati ya pete mbili, nayo hutaka oili kidogo sana. Utando mwembamba juu ya gololi unatosha, na oili ikijaa humo gololi huichapa na kuichemsha, hivyo kile ambacho muuzaji anakiita ulinzi huwa chanzo cha joto. Mnunuzi asiyejua kama beringi yake ni ya ganda au ya gololi hajafikia bado hatua ya kutoa pesa, na muuzaji asiyemwuliza swali hilo hajafikia hatua ya kumshauri.

Mjadala mkubwa kuhusu beringi na oili uliizunguka Porsche. Magari ya Boxster na 911 yaliyotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2008 yalikuwa, kwa sehemu kubwa, na injini yenye shafti ya kati, yaani shafti inayopokea mwendo kutoka kwa krenki na kuupeleka kwenye minyororo ya kamshafti zinazofungua vali, na upande mmoja wa shafti hiyo ulishikiliwa na beringi ya gololi iliyofungwa pande zote na kutiwa grisi kiwandani. Kadiri miaka ilivyopita, vizuizi vya beringi hiyo vilikakamaa, oili chafu ikapenya na kuiosha grisi, na gololi zikabaki katika mchanganyiko usio grisi wala oili safi. Beringi ilipovunjika, minyororo iliacha mpangilio wake, vali zikagongana na pistoni, na injini nzima ikapotea. Wenye magari nchini Marekani walifungua kesi ya pamoja iliyomalizwa kwa maafikiano mwaka 2013, ikihusu magari ya kati ya 2001 na 2005, na kuanzia magari ya mwaka 2009 mtengenezaji alileta injini isiyo na shafti hiyo kabisa.

Kutokana na hofu hiyo lilizuka soko zima la tiba. Wapo walioleta beringi yenye gololi za kauri, wapo walioondoa gololi na kuweka beringi ya ganda inayolishwa oili kwa shinikizo, na wapo walioibakiza beringi ya gololi na kuivutia paipu ya nje kutoka kwenye silinda hedi, sehemu ya juu ya injini inayobeba vali. Tiba hizi tatu hutajwa kwa pumzi moja na watu wengi, ingawa mantiki zake zinatofautiana kabisa. Beringi ya ganda inataka oili ya shinikizo kwa asili yake, na kuipa paipu ni kuikamilisha. Hata injini za Porsche za 911 Turbo na GT3 za kipindi kilekile, zilizotokana na usanifu wa Hans Mezger, zilikuwa na shafti ya kati inayobebwa na beringi za ganda zenye oili ya shinikizo tangu kiwandani. Beringi ya gololi, kwa upande wake, ikishaondolewa kizuizi kinachokaba grisi iliyokwisha, huweza kupata oili ya kutosha kutokana na ukungu na matone yaliyomo ndani ya injini, na haijathibitika kwamba kuimiminia kwa nguvu kunaiongezea maisha. Jina la gari nalo si ushahidi: magari ya zamani ya Porsche 911 yanayoonekana katika East African Safari Classic Rally, kama lile ambalo Björn Waldegård alishinda nalo mwaka 2011, yana injini ya kupozwa kwa hewa ambayo oili yake hukaa katika tangi la pembeni, wala hayana beringi hiyo ya grisi inayozozaniwa.

Swali ambalo muuzaji hulipenda kidogo kuliko yote ni hili: oili hiyo ya ziada inatoka wapi, na nani anaikosa? Injini ina pampu moja, na kila tone linalopelekwa mahali papya limeondolewa mahali pengine, ila tu ikiwa pampu ilikuwa na ziada ya kutosha katika hali mbaya kabisa, ambayo ni oili ya moto na mwendo mdogo wa injini, kwa mfano gari linapongoja kwenye foleni baada ya kupanda mlima. Wenye magari ya michezo ya Kiingereza kama Triumph TR6 walijifunza jambo hili kwa gharama. Kwa kuwa roka, zile nyundo ndogo zinazofungua vali juu ya injini, zilikuwa zikilika, paliuzwa paipu ya nje inayochota oili kutoka mfereji mkuu na kuipandisha moja kwa moja juu. Roka zikaloa vizuri, lakini oili nyingi ikateremka kupitia vali na kutoa moshi, na shinikizo lililobaki kwa ajili ya beringi za krenki likapungua. Sehemu ya bei rahisi ililindwa kwa kuihatarisha ile ya bei ghali. Paipu ikiwa na tundu dogo la kudhibiti mtiririko, madhara hupungua sana, na ndiyo maana kipimo cha tundu hilo ni jambo la kuulizwa kwa tarakimu, kwa milimita.

Pamoja na chanzo huja suala la usafi. Oili iliyochukuliwa baada ya filta na kabla ya kupita kwenye sehemu nyingine si sawa na ile iliyochukuliwa mwisho wa safari yake, na beringi iliyofungwa kiwandani ili uchafu usiingie sasa itakuwa inasukumiwa uchafu kwa shinikizo. Njia ya kurudi pia huhesabiwa, kwa sababu oili isiyo na mahali pa kutokea hujaa na kuchemka. Halafu kuna paipu yenyewe: kila kiungo kipya ni mahali papya pa kuvuja, na juu ya murram ya Ekerenyo mtikisiko hulegeza boliti na kuchakaza mpira uliolazwa karibu na bomba la moshi. Paipu ya shinikizo ikipasuka, pampu ileile inayoilinda injini huimwaga oili yote barabarani kwa muda mfupi, na dereva aliye katikati ya mlima huenda asiione taa nyekundu mpaka mlio wa kugonga usikike.

Ushahidi unaotolewa na wauzaji kwa kawaida ni shukrani za wateja, nao hauna budi kupimwa kwa makini kwa sababu huwapotosha hata watu werevu. Ichukuliwe, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba katika injini 100 za aina moja beringi ingeharibika katika injini 5 ndani ya miaka kadhaa. Wamiliki 95 wa injini zilizobaki wangeshukuru kifaa chochote walichofunga, kwa kuwa injini zao zingesalimika hata bila kufungwa kitu. Zaidi ya hayo, siku ya kufunga kifaa ndiyo siku ambayo beringi mpya huwekwa, oili mpya hutiwa, filta hubadilishwa na fundi huikagua injini yote, na hakuna anayeweza kusema ni lipi kati ya hayo lililosaidia isipokuwa amelinganisha na injini zilizofanyiwa hayo yote bila kifaa. Muuzaji mwaminifu anaweza kueleza ulinganisho wa namna hiyo, au kupima shinikizo na joto kabla na baada ya kazi. Asiyeweza anauza matumaini.

Beringi nyingi za Subaru za turbo zinazogonga hazikufa kwa sababu mtengenezaji alisahau kuzipa oili. Injini hizo, ambazo pistoni zake hulala kwa ubavu na kutazamana, hupunguza oili kidogo kidogo zikizeeka, na dereva asiyechomoa kijiti cha kupimia kwa majuma mengi hukata kona na kupanda kilima huku mdomo wa kunyonyea oili ukivuta hewa. Sampu iliyobonyezwa na jiwe huusogelea mdomo huo na kuubana. Paipu ya kunyonyea yenyewe imewahi kupasuka kwenye maungio yake katika baadhi ya injini za familia hiyo, na hapo pampu huvuta hewa hata sampu ikiwa imejaa. Kubadilisha paipu hiyo kwa iliyochomelewa vizuri ni maboresho yenye sababu ya wazi. Kosa linaloonekana mara nyingi kwenye gereji ni silikoni, ile gundi inayopakwa mahali pa gasketi: ikipakwa kwa wingi hufinyika ndani, hukatika vipande, na vipande hivyo huziba wavu wa kunyonyea, hata injini iliyotoka kutengenezwa ikafa ndani ya siku chache huku lawama ikiangukia beringi. Na katika baadhi ya injini za Subaru zenye turbo, boliti yenye tundu inayoipeleka oili kwenye turbo ina wavu mdogo ndani yake. Ukiziba kwa masizi ya oili iliyochelewa kubadilishwa, turbo hukosa oili, ikavunjika, na chenga zake zikashukia sampu na kuanza kusaga beringi za krenki. Tiba ya ugonjwa huo ni kuukagua wavu na kubadilisha oili kwa wakati, na paipu pana haiiondoi sababu.

Oili yenyewe nayo ni chanzo cha msiba. Tarakimu kama 5W-30 hueleza mnato, yaani uzito wa oili katika kutiririka: ya kwanza huhusu baridi na ya pili huhusu oili ikiwa imepata moto. Desturi ya kuitia injini ya Kijapani oili ya 20W-50 kwa imani kwamba oili nzito hulinda zaidi huichelewesha oili kufika kwenye beringi asubuhi ya baridi ya milimani, na ikiwa mwanya wa beringi ni mwembamba, utando haupati mtiririko uliokusudiwa. Kitabu cha gari hutaja mnato unaoruhusiwa, na hicho ndicho cha kufuatwa mpaka vipimo vioneshe vinginevyo. Oili ghushi ni hatari nyingine, na kabla ya kufungua mtungi mnunuzi aweza kutuma namba ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, huduma ya Shirika la Viwango la Kenya, ili ajue kama bidhaa hiyo imesajiliwa.

Kwa hiyo pesa za kwanza zitumike kupima. Geji ya mkono inayofungwa kwenye tundu la kihisi cha oili hueleza ukweli ambao taa ya dashibodi haiuelezi, kwa kuwa taa huwaka baada ya shinikizo kuanguka sana. Kipimo kichukuliwe injini ikiwa ya moto, kwenye mwendo wa kungoja na tena kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kiandikwe, na kulinganishwa na kitabu cha mtengenezaji. Filta ya zamani ikatwe kwa uangalifu ili chenga za kukatia zisiingie ndani, karatasi yake ikunjuliwe mchana juani: vumbi linaloshikwa na sumaku ni chuma cha pua au cha kutupwa, punje za rangi ya fedha zisizoshikwa mara nyingi ni za pistoni au tabaka la juu la beringi, na rangi ya shaba ni ishara kwamba beringi imelika hadi tabaka la chini. Fundi wa Kisii au wa Ekerenyo anaweza kuzifanya kazi hizi zote kwa vifaa alivyo navyo, na gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya seti inayoletwa kutoka maduka ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au kuagizwa ng'ambo.

Vipimo vikionesha upungufu, maboresho yana nafasi yake. Injini iliyoongezewa nguvu kuliko ilivyosanifiwa, gari linalokimbizwa kwenye mashindano ambapo oili husukumwa upande mmoja wa sampu kwenye kona ndefu, au turbo kubwa inayotaka mlisho wa kipimo chake, ni hali ambazo pampu, sampu yenye vizuizi vya ndani au paipu mpya huweza kuwa na kazi ya kweli. Hata hapo, kazi ifanywe injini ikiwa imefunguliwa, kwa sababu anayetoboa mfereji wa oili kwenye injini iliyofungwa huacha chenga ndani yake, na utepe wa kuzibia nyuzi za boliti ukikatika huishia kwenye tundu dogo kuliko yote. Mwenye Porsche ya kipindi kilichotajwa, kama yupo Kisii au Nyamira, atafanya vyema kuikagua beringi ya shafti ya kati wakati klachi inapobadilishwa, kwa kuwa gia huwa imeshateremshwa, na kubadilisha oili mapema kuliko ratiba ya kiwandani inavyoruhusu.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili pamoja na maelezo anayoyahitaji ili afaidike nazo kikamilifu, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ipo kwa ajili hiyo; haki hizo hazisaidii sana pale ambapo makubaliano yote yalikuwa ya mdomo. Kabla ya kulipa, mwenye gari adai karatasi inayotaja aina ya beringi, mahali oili inapochukuliwa, kipimo cha tundu la kudhibiti mtiririko, njia ya oili kurudi, shinikizo lililosomwa kabla ya kazi na litakalosomwa baada yake, na muda ambao muuzaji na fundi watawajibika kifaa kikivuja. Na beringi za zamani arudishiwe mkononi azione. Muuzaji anayekataa kuyaandika hayo asilipwe.